Piano ya Mbao Tuliyoichagua Kajiado

Tulikuwa watu wanne kwenye pikapu siku hiyo, na nitawataja wote ili mjue situngi. Kulikuwa na Pastor Kyalo, mchungaji wetu hapa Kitengela. Kulikuwa na Musembi mwenye pikapu, mtoto wa dada yangu Kalekye. Yeye ndiye alikuwa ananunua mbuzi soko la Bisil kila wiki. Kulikuwa na binti yangu Ndunge, kitinda mimba wangu, mjane wa Muia. Na mimi mwenyewe, Mama Ndunge, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kule tulikoenda tulipokelewa na watu wawili, Mzee Ole Nampaso na mke wake Nolari. Hao ni sita. Wa saba nitamfikia.

Mambo haya yalitokea kweli. Pastor Kyalo siku hizi anakaa Embulbul, amezeeka, miguu imekataa, lakini akili bado iko. Muulizeni. Na msifikiri ilikuwa usiku. Watu wakisikia habari kama hizi wanataka giza na mbwa akilia. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali la Kajiado, kuku wamelala chini ya pikapu wakitafuta kivuli.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na nyuma yake palikuwa bado wazi, swala wanapita asubuhi. Tulikuwa na kinanda kimoja cha kukanyaga na miguu, na panya walikuwa wamekila matumbo mpaka kikawa kinatoa pumzi tu, bila sauti. Ndunge ndiye alikuwa anakicheza. Alijifunza akiwa shule kule kwetu Machakos, na watu walikuwa wanampenda.

Halafu Muia akaaga. Homa ya siku tatu, basi. Baada ya mazishi Ndunge alirudi kwangu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, na hapo ndipo alikaa mwaka mzima na zaidi. Nikimwekea chakula, anakula. Nikimwambia lala, analala. Kinanda hakugusa tena, hata kabla panya hawajakimaliza. Mikono yake ilikuwa inakaa juu ya mapaja kama mizigo ya mtu mwingine aliyeombwa kushikilia. Wewe uliye mzazi unajua ninachosema. Nilikuwa naona mtoto wangu akienda polepole, huku amekaa.

Kwa hivyo Musembi alipoleta habari kutoka Bisil, kwamba kuna mzee mmoja wa Kimaasai upande wa Kajiado ana vinanda viwili vya aina mbalimbali, na anataka kupea kanisa kimoja na shule kimoja, sisi tukiwa wa kwanza kuchagua, nilimwambia Pastor Kyalo, "Ndunge lazima aje. Nani mwingine anajua kuchagua?" Kanisa lilikuwa linatafuta kinanda. Mimi nilikuwa natafuta mtoto wangu.

Mzee Ole Nampaso alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Pastor akamuuliza, "Mzee wangu, hivi vitu vilikuwa vya nani?" Mzee akaangalia mbuzi wake kwa muda, halafu akasema, "Vilikuwa vya hapa nyumbani."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nilikuwa nimeishi na Wamaasai miaka mingi na nilijua mila yao. Mtu wao akifa, jina lake linawekwa chini. Halitajwi, na zaidi ya yote halitajwi pale kwao. Hata mwenye jina kama hilo katika familia anaweza kubadilishiwa. Sisi Wakamba ni kinyume kabisa. Sisi jina la marehemu tunampa mtoto mchanga siku hiyo hiyo akizaliwa, na tunaliita kutwa nzima, na mimi mwenyewe mjukuu wangu namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu. Nilijua mila yao, lakini kuijua na kuikumbuka ukiwa umesimama kwa nyumba ya mtu si kitu kimoja.

Wanaume wakabaki nje wakizungumza mvua. Nolari akaenda jikoni, jiko lao lilikuwa nje, kupika chai. Akatuambia mimi na Ndunge, "Ingieni tu, viko ndani. Mviangalie mpaka mtosheke."

Chumba kilikuwa kimefungwa muda mrefu. Upande wa dirisha kulikuwa na kinanda cha stima juu ya miguu ya chuma, kimefunikwa gunia. Ukutani ilikuwa piano yenyewe, ya mbao nyeusi, ndefu mpaka kifuani kwangu, na vumbi juu yake unaweza kuandika barua. Ndunge akasimama mbele yake. Akaweka mkono mmoja juu ya mbao. Nikasema moyoni, asante Mungu.

Sasa nisikilizeni hapa. Marehemu mume wangu Mutua alikuwa fundi wa mbao. Alinifundisha kwamba kitu cha mbao hakichaguliwi kwa uso, unakifungua kwanza uangalie kama mchwa wamekaa ndani. Kwa hivyo nikainua kifuniko cha juu, nikachungulia. Mchwa hakuna. Niliona nyuzi zimepangwa kama nyuzi za kitanda, na upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Mimi sikusoma shule. Nilisoma ngumbaru, nikiwa na watoto wanne tayari, na mwalimu wetu Syokau alikuwa anatusomesha kwa sauti, wote pamoja. Mpaka leo siwezi kusoma na mdomo umefungwa. Herufi hazinijii bila sauti. Basi nikalisoma jina. Mara ya kwanza nilivunja vunja, kipande kwa kipande. Mara ya pili nikaunganisha. Mara ya tatu nikalisema lote kwa nguvu, na furaha, kama mtu aliyeshinda mtihani.

Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka chumba cha ndani.

Akatoka akipangusa mikono na leso. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, ana mwanya, shanga kidogo tu shingoni. Nikafikiri ni binti wa nyumba, ningefikiri nini kingine? Nikamsalimia kwa Kimaasai, kama mkubwa anavyosalimia mdogo.

"Takwenya!"

"Iko," akajibu, na akatabasamu. "Umeniita vizuri, mama. Hapa hakuna mtu ameniita mwaka mzima."

Nikacheka. Niamini, nilicheka. Nikamwambia, "Basi umekuwa na likizo ndefu. Njoo utusaidie kuchagua, sisi ni watu wa kinanda cha kukanyaga."

Akatuuliza maswali mazuri sana. Mtu aliyesoma, nikaona. Aliuliza kama kanisa lina stima, nikasema iko tangu mwaka jana. Aliuliza paa ni la nini. Nikasema mabati.

"Mabati, na vumbi la simiti la huko kwenu," akasema. "Mama, joto la mabati litakausha hii mbao mpaka ipasuke. Nyuzi zitalegea. Piano hii inataka fundi wa kukaza nyuzi kila mwaka, na fundi anatoka Nairobi. Mko na watu wanane wa kuibeba?"

"Itaonekana vizuri mbele ya watu," nikasema.

"Wewe ukienda soko la Bisil, unanunua ng'ombe kwa kuangalia pembe?"

Ndunge akacheka. Ndugu zangu, Ndunge akacheka! Sauti ndogo, ya puani, lakini nilikuwa sijaisikia tangu Muia.

Yule mwanamke akamgeukia. "Na wewe ulijifunza ya kukanyaga, si ndiyo? Vidole vyako vitakuwa vyepesi. Hii ya mbao vidude vyake ni vizito, vinataka kusukumwa. Ile ya stima itakufaa, na kwa nyimbo za kanisa inatosha kabisa. Kwa ile, ukikosa stima unakosa wimbo, hayo tu ndiyo mabaya yake. Sikiliza tofauti."

Akaketi, akacheza kidogo kwenye ile ya mbao. Sijui kuwaelezea ile sauti. Ilinishika hapa chini ya mbavu. Halafu akampisha Ndunge, na Ndunge akaweka vidole. Mwanzo vilikosea. Halafu vikakumbuka. Mtoto wangu alicheza wimbo mzima na machozi yakimtoka, na mabega yake yakashuka, na uso ukarudi ule wa zamani.

Mimi macho yangu yalikuwa chini, kwenye vile vidude vyeupe. Kila mahali Ndunge alipogusa, vumbi lilitoka na alama ya kidole ikabaki. Lakini pale yule mwanamke alipocheza, upande wa juu, vumbi lilikuwa limelala vilevile. Halikuguswa. Niliona, na nikajiambia ni macho ya uzee. Mtu akitaka kitu sana anajiambia mengi.

"Anaitwa nani huyu?" akaniuliza.

Mimi na majina! Nikamwambia lote: Ndunge, binti wa Mutua, mjane wa Muia, mzaliwa wa mwisho. Nilimpa kama mtu anayempa mwenzake mtoto abebe.

 Halafu akasogea karibu nami, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Mama, chukueni ile ya stima. Hii imezoea mikono yangu. Hata nikiwa sitaki, akiicheza nitasikia, na nikisikia nitakuja. Nimechoka kukaa bila kuitwa. Niahidi."

Nikamwambia, "Nakuahidi." Kwa adabu tu, vile mtu anaahidi kurudi kusalimia.

Mlango wa mbele ukafunguka, Nolari akaingia na chupa ya chai na vikombe viwili. Nilipogeuka, yule mwanamke alikuwa ameshaingia tena kile chumba cha ndani.

"Lete kikombe cha tatu," nikasema. "Binti yako ametusaidia sana."

"Binti gani?"

Nikafungua mdomo nimtaje. Nolari aliweka chupa chini haraka akaziba mdomo wangu na kiganja chake. Mkono wake ulikuwa unanuka moshi na maziwa. "Usiseme," akaniambia. "Usiseme tena. Nilisikia nikiwa jikoni. Nikafikiri ni kichwa changu."

Akafungua kile chumba cha ndani nione. Kilikuwa na magunia ya mahindi kutoka chini mpaka juu. Hakuna mlango mwingine, na mahali pa mtu kusimama hapakuwepo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye jina lile alikuwa mwalimu wa muziki, mtoto wao wa pekee wa kike, na walimrudisha kutoka hospitali kumzika kabla ya mvua za mwaka uliopita. Hata ng'ombe mmoja aliyekuwa na jina hilo walimbadilishia.

Hapo ningetoka mbio, si ndiyo? Ningechukua mtoto wangu, na kama ni lazima kubeba kitu, nibebe ile ya stima kama nilivyoahidi. Mimi pia nimejiuliza.

Pastor Kyalo akaita kutoka nje, "Mama Ndunge! Mmechagua gani? Tupakie, Musembi anataka kurudi mapema."

Ndunge akanishika mkono wa sweta. "Mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Mwaitu, ya mbao. Tafadhali." Tangu azike mume wake hakuwa ameniomba kitu chochote, hata maji. Niliangalia mikono yake, na ilikuwa mikono ya mtu hai. Mungu anisamehe, nikaita kwa nguvu, "Ya mbao, Pastor!"

Nolari aliniangalia.  Mpaka leo sijui alikuwa ananionya au ananishukuru.

Tuliibeba na vijana wa manyatta ya jirani, tukaifunga kamba, tukafika nayo Kitengela salama. Na miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kama mbinguni. Ndunge alikuwa anaamka mapema, anajipika chai, anaenda kanisani. Watu walikuwa wanatoka hata Laiser Hill kuja kusikia. Nikasema, ahadi ni nini? Mtoto wangu amerudi.

Mwezi wa nne akaanza kucheza nyimbo ambazo hatukuzijua. Halafu akaanza kuwasalimia akina mama wa Kimaasai kwa lugha yao, maneno marefu, na wao wanamjibu wakicheka. Ndunge hakuwahi kujua Kimaasai zaidi ya salamu. Rafiki yangu Mama Nduku akanitania, "Kwani huyu wako ameolewa Bisil kimya kimya, mkala ng'ombe bila sisi?" Nikacheka naye. Nyumbani nilikuwa silali.

Siku moja ya Jumapili Pastor Kyalo akamwita mbele aombewe, kwa sababu ilikuwa siku aliyozaliwa. Akaita, "Ndunge." Hakusimama. Akaita tena. Mara ya tatu mtoto wangu akageuka akaangalia watu walioketi nyuma yake, kwa upole, vile unaangalia ukitaka kujua ni nani anaitwa na hasikii.

Wiki hiyo akaondoka. Hakuchukua nguo hata moja. Nilijua pa kwenda.

Nilimkuta kwa Mzee Ole Nampaso, ameinama anakamua mbuzi, na wale mbuzi wamemzoea. Nikaita, "Ndunge!" Hakugeuka. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Mwishowe akainuka, akaniona, akaja akapangusa mikono na leso. Uso ulikuwa ule ule niliouzaa, na kovu la moto kwenye kidevu.

"Karibu, mama," akasema. "Umetoka mbali? Unaonekana umechoka."

Sikuwa Mwaitu tena. Alikuwa ananikaribisha kama mgeni yeyote.

Nikamwangukia Nolari miguuni. Nikamwambia, "Mwanamke mwenzangu, huyu ni wangu. Mfukuze." Naye akaketi chini kwenye vumbi karibu nami, akalia. Akasema, "Simwiti jina lolote. Naapa. Namwita entito tu, msichana. Alikuja akaingia jikoni, akachukua kikombe chake mahali kilipokuwa kinakaa. Nimfukuze na mikono gani?"  Kama angekuwa ni Mutua wangu amerudi kwa mwili wa mtoto wa mtu, mimi ningemfukuza?

Halafu akaniambia kitu ambacho afadhali asingeniambia. "Ukitaka akugeukie, mwite lile jina ulilolisoma. Atakuja kwako mbio."

Lilikuwa mdomoni. Niliona kisogo cha mtoto wangu akirudi kwa mbuzi, na nilijua neno moja lingemfanya ageuke anitabasamulie. Lakini nani angegeuka? Na nikilisema mara ya nne, ingebaki nini cha Ndunge ndani yake, kama bado kuna kitu? Nikafunga mdomo. Nikarudi Kitengela peke yangu.

Musembi alirudisha piano baadaye, kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Kanisa lilitafuta kinanda cha stima, kidogo, na kinatosha kabisa kwa nyimbo zetu, kama tulivyoambiwa. Sasa imepita zaidi ya miaka kumi. Mzee Ole Nampaso ameshaaga. Ndunge yuko hapo na Nolari, anafundisha watoto wa jirani kucheza, ana afya, amenenepa kidogo. Naenda kila baada ya mvua. Ananipikia chai, ananiuliza habari za watoto wangu. Nikimwambia niko na mmoja aliyepotea, ananishika mkono ananipa pole.

Basi nyinyi mnaotaka kununua piano, angalieni mchwa, ulizeni stima, angalieni paa, ulizeni fundi anakaa wapi, angalieni mkono wa yule atakayecheza. Hayo ni ya kweli, nilifundishwa na mtu anayejua. Lakini kama ni ya kutoka nyumba ya watu, uliza ilikuwa ya nani. Ukijibiwa bila jina, usilitafute. Na ukikatazwa na mwenyewe kuichukua, iache, hata kama mtoto wako analia.

Nimeandika haya pole pole, kwa mkono wangu, nikisoma kwa sauti kila mstari. Kama kuna jina la mtu nimelikosea, au nimesema ni Musembi na alikuwa ndugu yake, au Mama Nduku anasema hakuniambia vile, nirekebisheni, sitakasirika, uzee ni uzee. Jina la yule wa saba sijalisahau. Sikuliandika, na mstari huu nausoma na mdomo uko wazi na hilo liko hapo kwenye ulimi. Kama kuna anayelijua, tafadhali, hilo msiniambie.